Kuacha na Kuachisha: Maneno ya Kumtibu Mraibu wa Afyuni

Huku Malemba-Nkulu, Kongo, ukisema unga, kila mtu anafikiria bukari. Ni unga wa mihogo au wa mahindi, maji yanachemka, na samaki wa Lualaba anangoja pembeni. Nenda na neno hilo hilo Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, useme kwamba kijana wa fulani anakula unga, na mama yake atashika kichwa. Huko unga ni heroini. Iliingia pwani katika miaka ya 1980, ikivutwa kwanza, halafu ikaja ile nyeupe inayoyeyuka upesi, na sindano zikaenea. Waliotumbukia humo walijitungia msamiati wao mapema, kabla ya madaktari: kete, kujidunga, teja, alosto. Kiswahili cha hospitali kilikuja baadaye, na mara nyingi kilikuja na maneno mabaya zaidi kuliko yale ya mitaani.

Nayapima maneno haya nikiwa mbali na bahari kwa sababu ugonjwa huu hauhitaji bandari. Tramadoli, kidonge cha maumivu kinachouzwa katika mafamasia mengi ya Kongo, ni ndugu wa heroini na mofini. Mtu anayeimeza kila siku ili abebe mizigo bila kuchoka anaweza kufika pale pale alipofika kijana wa Tandale, Dar es Salaam. Siku atakapoletwa lopitali, muuguzi atamwambia nini, na kwa maneno gani?

Nianze na jina la ukoo wenyewe. Wataalamu wanahangaika kutafuta namna ya kuziita dawa hizi zote kwa pamoja, na wengi wanaishia kuandika opioidi. Lakini Kiswahili kilikuwa na afyuni tangu zamani, neno la Kiarabu lililokuja na majahazi, na kilikuwa pia na kasumba. Kasumba ilikuwa afyuni kabla haijawa siasa. Leo ukisema kasumba, msikilizaji anasikia kasumba ya kikoloni, mawazo yaliyomganda mtu kichwani hata hayatoki. Maana hiyo mpya imeimeza ya zamani, nami sioni haja ya kuirudisha. Afyuni bado ipo, haina mzigo mwingine, na "dawa za jamii ya afyuni" inaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kusikia neno hilo.

Kuhusu jina pana zaidi, Tanzania inasema dawa za kulevya, Kenya inapenda mihadarati. La pili, kwa asili yake ya Kiarabu, linahusu kutia ganzi. La kwanza lina neno dawa ndani yake, na hilo huwasumbua watu: vipi kitu kinachoua kiitwe dawa? Mimi naona ndio uzuri wake. Mofini ni dawa kweli. Mgonjwa wa saratani anayelia usiku anaihitaji, na anaikosa katika zahanati nyingi za Afrika kwa sababu wakubwa wanaogopa jina. Neno linalokumbusha kwamba kitu kile kile kinatibu na kinalevya linasema kweli.

Uraibu una historia tamu kuliko hali unayoitaja leo. Kamusi za zamani zinaueleza kuwa mchanganyiko wa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, vitu vya kutafuna baraza ikikaa na wageni wakikaribishwa. Ukawa baadaye mazoea yoyote yanayomshika mtu, na sasa ni jina la ugonjwa. Mwaka 1964 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza neno utegemezi litumike, ili kuepuka lawama zilizokuwa zimegandamana na maneno ya zamani. Nia ilikuwa njema. Lakini kwa Kiswahili wategemezi ni watoto na wazee tunaowalisha, na mtu akiambiwa kwamba mwanawe ni mtegemezi atajibu kwamba hilo analijua. Tubaki na uraibu na mraibu. Ni maneno yasiyotukana.

Teja, jina la mtaani la mraibu, linatukana, na sarufi ndiyo inayofanya kazi hiyo. Mteja yuko katika ngeli ya watu. Ukimvua ile m- ya mwanzo na kumtia kwenye ngeli ya mateja, umemshusha hadhi kwa silabi moja. Tena mteja, kwa waganga wa pepo wa pwani, hakuwa mnunuzi wa duka tu, alikuwa pia mtu aliye chini ya mganga, anayeuguzwa na kufundishwa mpaka atulie. Mrudishie mtu huyu m- yake na una jina la heshima kwa mgonjwa aliye katika matibabu ya muda mrefu. Sijui kwa nini tulihitaji kutafuta jingine.

Sasa alosto, au arosto kama wengine wanavyotamka. Hili ndilo neno ninalolitetea kwa nguvu zote. Ni hali inayomkuta mraibu dawa inapokatika mwilini. Kwa heroini huanza saa sita mpaka kumi na mbili baada ya dozi ya mwisho: miayo, machozi, kamasi, jasho, vinyweleo kusimama. Halafu mifupa inauma, tumbo linakatakata, kutapika na kuhara, usingizi hakuna. Hufikia kilele siku ya pili au ya tatu na hupoa kwa kiasi kikubwa ndani ya siku saba mpaka kumi. Vitabu vya uuguzi vinaandika "dalili za kuacha dawa," maneno manne makavu yasiyo na maumivu ndani yake. Mgonjwa anasema "nina alosto," na amemaliza.

Muuguzi asiyelijua neno hili anaweza kudhuru. Mtu anatetemeka, anatoka jasho, viungo vinamuuma: kwetu hiyo ni malaria, atapewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani. Ipo pia hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hulifanya ini liichome haraka methadoni, dawa anayopewa mraibu ili atulie. Mgonjwa aliyekuwa ametulia kwa dozi yake anaanzishiwa matibabu ya kifua kikuu, na baada ya siku chache anarudi akilalamika alosto. Anayedhani ni njama ya kuomba dawa zaidi atamfukuza. Anayejua ataongeza dozi.

Kisha tuje kwenye matibabu yenyewe, ambako Kiswahili cha ofisini kimeteleza vibaya. Hatua ya kwanza, ile ya kumvusha mgonjwa kwenye alosto chini ya uangalizi, imeitwa "kuondoa sumu mwilini." Jina hili linapotosha. Heroini hutoka mwilini yenyewe ndani ya siku chache, hata mtu akiwa amefungwa kwa kamba. Kinachobaki ni ubongo uliozoea kuishi nayo. Familia ikisikia sumu imetoka, inaamini kazi imekwisha. Kijana anarudi mtaani baada ya wiki mbili, mwili wake umepoteza uwezo wa kuhimili kiasi alichozoea, anarudia dozi yake ya zamani, na anakufa kwa kukosa pumzi. Ndiyo maana kumwachisha mtu kwa wiki mbili bila kuendelea kumtibu kunaweza kuwa hatari kuliko kutomgusa.

Nimetumia kumwachisha kwa makusudi. Huku Kongo daktari huandika kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, neno la Kifaransa sevrage, na Mfaransa hutumia neno hilo hilo kwa mtoto anayetolewa kwenye ziwa la mama. Kiswahili hakihitaji kuazima, kwa kuwa tunasema kumwachisha mtoto ziwa. Mama haondoi ziwa leo na kesho akamwacha mtoto alie mpaka azoee. Anaanza uji, anapunguza, anavumilia usiku kadhaa mibaya. Na tazama kitenzi chenyewe. Kuacha kuna mtu mmoja peke yake, na mzigo wote uko kichwani pake: aache, ameshindwa kuacha, hataki kuacha. Kuachisha kuna watu wawili. Kiambishi kile cha -ish- kinamwingiza muuguzi chumbani, na kinamwajibisha.

Mwaka 1965 Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha matokeo ya kuwatibu waraibu wa heroini kwa methadoni. Dawa hiyo iliingizwa mwaka 2005 katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, pamoja na buprenofini. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Hospitali za Mwananyamala na Temeke, hapo hapo Dar es Salaam, zikafuata. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi na Kisauni mwaka 2015. Zanzibar nayo ikafungua huduma hiyo Kidongo Chekundu.

Kazi ya kila siku ni hii. Mteja anafika asubuhi dirishani, anatajwa, anapimiwa dawa ya maji katika kikombe kidogo, anainywa mbele ya mhudumu na kusema neno ili ionekane amemeza. Huanza na miligramu zisizozidi 30, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Watu husema wamebadilishiwa unga kwa unga. Hawaoni tofauti ya saa. Heroini inadumu saa chache, kisha inamtuma mtu kutafuta pesa na sindano. Methadoni inamshika siku nzima bila kumlevya, naye anakwenda kazini. Wapo watakaokaa nayo miaka, na hao hawajashindwa.

Tanzania imetupa neno jingine zuri: nyumba za upataji nafuu. Kenya mara nyingi husema vituo vya kurekebisha tabia, kana kwamba mgonjwa ni mtoto mtukutu. Nafuu ni kipimo cha kweli. Unamwuliza mgonjwa "umepata nafuu?" na jibu laweza kuwa kidogo, au leo zaidi ya jana. Hakuna anayemdai awe amepona kabisa Ijumaa.

Malemba-Nkulu haina dirisha la methadoni. Kutoka hapa mgonjwa hupanda Lualaba hadi Bukama, ndipo ashike reli ya Lubumbashi, na matibabu ya kila asubuhi hayawezi kupangwa kwa safari ya namna hiyo. Yapo yanayowezekana hapa hapa. Anayemeza tramadoli nyingi asikatishwe ghafla; ahesabiwe vidonge vyake na vipunguzwe hatua kwa hatua, apewe maji ya chumvi na sukari akihara, aangaliwe degedege. Mjamzito asikatishwe kabisa. Atafutiwe daktari, kwani alosto kali inaweza kumtoa mimba. Na mlevi wa lutuku, pombe kali ya kienyeji, asifungiwe chumbani "mpaka zitoke," kwa sababu alosto ya pombe kali, tofauti na ya afyuni, huua hata mtu mzima mwenye nguvu.

Kwa wauguzi wa Haut-Lomami wanaotafsiri Kifaransa cha fishi kila siku mbele ya mgonjwa, naomba hili: penye sevrage semeni tunakuachisha, na mwulizeni kama ana alosto. Na wanaotunga kamusi za tiba waliandike neno hilo, pamoja na saa linapoanza na siku linapokwisha.