Wageni Waliobaki: Kampala na Swali la Nani Akae Wapi

Ramani nyingi zimechorwa kuipanga Kampala, na karibu zote zimelikosa kundi moja: watu waliokuja mjini kutafuta kazi, ambao kila utawala uliamini kwamba siku moja wangerudi walikotoka. Kibarua kutoka Rwanda, mfanyakazi wa reli kutoka Nyanza, mchukuzi wa mizigo kutoka Kigezi au West Nile, na katika miaka ya karibuni mama wa Kikaramoja aliyekimbia njaa na wizi wa mifugo, wote walitazamwa kama wapita njia. Kila lilipojitokeza wazo la kuwatengea mahali, palizuka ugomvi, na ugomvi huo huelezwa hadi leo kana kwamba chanzo chake ni wageni wenyewe, wingi wao, uchafu wao au tabia zao. Historia inaonyesha jambo jingine. Kilichoiumiza Kampala ni imani kwamba wageni hawatakaa. Imani hiyo ndiyo iliyozaa vitongoji duni, ikawagombanisha wenye ardhi na serikali, na ndiyo iliyotumika kuhalalisha bomoabomoa katika jiji ambalo lingeweza kupangwa kwa haki tangu mapema.

Mizizi ya jambo hili iko kwenye mpaka. Lugard, afisa wa Uingereza, alipopiga kambi katika kilima cha Kampala Desemba 1890, mji mkuu wa Kabaka, mfalme wa Buganda, ulikuwa tayari uko Mengo, umepangwa kwa utaratibu wake na una watu wengi kuliko kambi yoyote ya Waingereza. Mkataba wa Buganda wa 1900 ukagawa ardhi kwa njia ambayo ingeamua mengi baadaye: sehemu kubwa ilikwenda kwa Kabaka, machifu na watu mashuhuri kwa utaratibu wa mailo, yaani umiliki binafsi wa kudumu, na sehemu nyingine ikawa chini ya Taji. Hivyo ikatokea miji miwili iliyopakana. Upande mmoja ulikuwa mji wa wakoloni, wenye kanuni za ujenzi, afya na barabara. Upande wa pili ulikuwa Kibuga, chini ya serikali ya Buganda. Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa na Uingereza kuzikagua nchi za Afrika Mashariki muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alipendekeza makazi yatenganishwe kwa rangi, na katikati uachwe ukanda usio na nyumba. Katika mji uliofikiriwa hivyo, Mwafrika alikuwa mtu wa kuingia asubuhi na kutoka jioni. Alikotoka na alikolala hakukuhesabiwa kuwa kazi ya mpangaji wa mji.

Matokeo yalikuwa ya kutabirika. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, kazi ziliongezeka, na watu wakazifuata. Mji ulihitaji mikono yao lakini haukuwajengea nyumba, na ndani ya mpaka wake ujenzi wa vifaa vya bei nafuu ulizuiwa na kanuni. Kwa hiyo wakavuka mpaka. Kisenyi, Katwe, Wandegeya na Mulago vikajaa vyumba vya kupanga, vile ambavyo Waganda huviita mizigo, chumba kimoja kwa kila familia au kwa vijana kadhaa. Mwenye kiwanja alipata kodi, mwajiri akapata kibarua wa mshahara mdogo, na serikali mbili zikapata kisingizio: ya kikoloni ilisema eneo si lake, ya Buganda ikasema watu si wake. Wanazuoni Aidan Southall na Peter Gutkind walipozichunguza Kisenyi na Mulago katika miaka ya 1950, walikuta jamii zenye biashara, urafiki, ndoa, madeni na uongozi wa mtaa, jamii ambazo maafisa walikuwa wamezoea kuziona kama msongamano tu. Watu walikuwa wameshajenga mji wao. Kilichokosekana ni mifereji, vyoo, maji na uhakika wa kutohamishwa.

Mabadiliko ya kwanza ya fikra yalikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Ernst May, msanifu wa Kijerumani aliyejipatia jina kwa mitaa ya wafanyakazi ya Frankfurt kabla ya kuhamia Afrika Mashariki, alichora mpango wa kuupanua mji hadi vilima vya Kololo na Naguru. Henry Kendall akafuata na mpango wake wa 1951. Katika kipindi hicho zikajengwa kota za Nakawa na Naguru, makazi ya kwanza makubwa yaliyokusudiwa wafanyakazi wa Kiafrika. Hata hivyo dhana ya zamani iliendelea kuishi ndani ya kuta mpya. Sehemu kubwa ya Nakawa ilikuwa ya vibarua wanaume waliodhaniwa kuwa wameziacha familia zao vijijini, na Naguru ilikuwa ya wenye kipato cha juu kidogo pamoja na familia zao. Wote walikuwa wapangaji wa serikali. Hakuna aliyepewa njia ya kuimiliki nyumba, hata angeilipia kodi kwa miaka 30. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ilipotoa ripoti yake mwaka 1955, ilisisitiza kwamba miji inahitaji wakazi Waafrika waliotulia, wenye familia na usalama wa makazi. Ushauri huo haukugeuzwa kuwa hati mikononi mwa mkazi wa Nakawa.

Hapa kuna pingamizi zito, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Wenye ardhi wa Buganda hawakupinga mipango ya mji kwa sababu ya choyo au chuki dhidi ya wageni peke yake. Waliona yaliyowapata Wakikuyu na wengine nchini Kenya, ambako ardhi iliyotwaliwa haikurudi. Waliona pia kwamba kila "mpango" ulianza na ombi la kuhamisha ardhi kutoka kwa Mganda kwenda kwa serikali. Mwaka 1945 Lukiiko, bunge la Buganda, ilipitisha sheria iliyoruhusu ardhi kuchukuliwa kwa manufaa ya umma, nyuma yake kukiwa na haja ya kukipanua Chuo cha Makerere. Kesho yake, tarehe 5 Septemba, Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, aliyeisimamia sheria hiyo, aliuawa kwa risasi mlangoni pa Kanisa Kuu la Namirembe. Damu hiyo inaonyesha jinsi hofu ilivyokuwa kubwa. Mtu anayeandika juu ya mipango ya Kampala bila kuitaja hofu hiyo hawatendei haki Waganda wa wakati ule.

Lakini hofu ya haki haimaanishi kwamba hapakuwa na njia ya tatu. Buganda yenyewe ilikuwa imeshaionyesha. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928 iliweka kikomo cha kodi ambayo mwenye mailo angeweza kumtoza mkulima aliyekaa katika kibanja, yaani kipande cha ardhi ya mwenye mailo, na ikamlinda mkulima huyo asifukuzwe ovyo maadamu analipa. Mwenye ardhi alibaki na hati yake, mkaaji akabaki na uhakika wake. Ulikuwa uamuzi wa busara, uliotambua kwamba haki mbili zinaweza kukaa juu ya shamba moja. Kanuni hiyo ilimkusudia mlimaji. Haikufikishwa kwa mpangaji wa chumba mjini, kwa sababu huyo alichukuliwa kuwa mtu wa kuondoka. Kama busara ya 1928 ingepanuliwa hadi Kisenyi na Mulago, mwenye kiwanja angelindwa dhidi ya kunyang'anywa, mpangaji angelindwa dhidi ya kufukuzwa, na serikali ingekuwa na watu wa kuzungumza nao ilipotaka kupitisha mfereji au barabara.

Uhuru ulirithi mpaka na dhana yake. Mwaka 1968, baada ya ufalme kuvunjwa, Kibuga kikaunganishwa na Kampala, na eneo la jiji likakua hadi karibu kilomita za mraba 190. Miji miwili ikawa mmoja kwenye ramani, lakini mkaaji wa chumba hakupata hadhi mpya. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi wa Kenya, wengi wao Wajaluo walioishi na kufanya kazi Kampala kwa miaka. Miaka miwili baadaye Amin akawafukuza Waasia. Matukio haya mawili hayalingani kwa ukubwa wala kwa ukatili, lakini yanashiriki hoja moja: kwamba kuishi mahali, kulipa kodi na kuzaa watoto hapo hakutoshi kumpa mtu haki ya kuhesabiwa. Hoja hiyo ikishakubaliwa dhidi ya mgeni wa nje, ni rahisi sana kuigeuza dhidi ya raia maskini.

Na iligeuzwa. Mwaka 2007 serikali ilitia saini mkataba na mwekezaji wa kuijenga upya Nakawa na Naguru iwe mji wa kisasa, na wapangaji waliokuwepo wakaahidiwa nafasi katika nyumba mpya. Julai 2011 kota zikabomolewa na zaidi ya kaya 1,700 zikatawanyika. Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 2013. Kwa miaka mingi baada ya hapo sehemu kubwa ya eneo hilo, linalokadiriwa kuwa ekari 160, ilibaki bila nyumba zilizoahidiwa, na ugawaji wake kwa wawekezaji wengine ukaja kuchunguzwa na kamati ya Bunge mwaka 2022. Wapo wanaosema, na kwa sababu ya maana, kwamba nyumba za ghorofa moja za miaka ya 1950 hazikuwa matumizi mazuri ya ardhi ya thamani kubwa katikati ya jiji. Nakubaliana nao. Swali ni la mpangilio wa hatua. Ingewezekana kujenga upande mmoja, kuhamishia watu humo, kisha kubomoa upande wa pili. Utaratibu huo haukufuatwa kwa sababu machoni pa sheria wale walikuwa wapangaji tu, na mpangaji hungojewa aondoke.

Pingamizi la mwisho husikika katika kila nchi: ukiwatengea watu wanaohamahama mahali, utawaita wengi zaidi. Uingereza imelipitia swali hilo kwa jamii zake za wasafiri wa misafara. Sheria yake ya uzururaji ya 1824 ilimfanya mtu anayelala ndani ya hema au gari la kukokotwa, asiye na njia ya kujikimu inayoonekana, kuwa mkosaji. Sheria ya 1968 ikazilazimu halmashauri kutenga maeneo ya kuegesha misafara. Na mwaka 1994 wajibu huo ukafutwa. Wasafiri hawakutoweka, na migogoro na vijiji jirani haikwisha. Uganda ilirithi mawazo ya 1824 katika kanuni zake za adhabu, na Desemba 2022 ndipo Mahakama ya Katiba ilipobatilisha vifungu vilivyoruhusu mtu kukamatwa kwa kushukiwa tu kuwa mzururaji. Kwa Kampala ushahidi ni wazi zaidi: watu walikuja na reli na kazi karibu miaka 20 kabla ya Nakawa kujengwa. Wakaramoja waliorudishwa kwao kwa magari ya serikali, mara nyingi, walirejea Katwe na Kisenyi, kwa sababu kilichowaleta hakikuwa nyumba. Ni kweli pia kwamba wengi huja na kurudi kwao. Lakini anapoondoka mmoja huingia mwingine katika chumba kilekile, na hitaji la chumba halisafiri naye.

Sheria ya Mipango ya Maeneo ya 2010 inaifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango, na inataka rasimu za mipango ziwekwe wazi ili wananchi watoe pingamizi. Ni hatua njema, lakini itakuwa na uzito ikiwa mpangaji wa chumba atahesabiwa kuwa mwananchi wa mtaa anamolala. Hilo linahitaji mambo matatu yanayowezekana: orodha ya wakaaji wote kabla ya mradi wowote, wawe na hati au wasiwe nayo, nyumba mbadala iliyokwisha kujengwa kabla tingatinga halijafika, na kanuni ya 1928, iliyomlinda mkulima bila kumnyang'anya mwenye ardhi, kuandikwa upya kwa ajili ya mkaaji wa mjini. Buganda iliweza kuitunga zaidi ya miaka 90 iliyopita, chini ya utawala wa kikoloni, kwa ajili ya watu wasio na nguvu. Jiji lenye katiba, bunge na mahakama zake halina sababu ya kufanya pungufu ya hapo.