Mfifio, Mpokezano na Mgando: Istilahi za Kuagana na Kukua katika Filamu

Katika mswada mmoja wa tafsiri tulioletewa tuupitie, maelezo ya filamu yalisema mara saba kwamba "picha inapotea". Tulipoitazama filamu yenyewe tuliona kwamba mara nne picha ilizama gizani na pazia likabaki jeusi. Mara tatu picha ya kwanza ilikuwa ikiondoka huku ya pili ikiingia juu yake. Mfasiri hakupungukiwa na Kiswahili. Alichokosa ni kutambua kwamba mambo hayo ni mawili. Katika lile la kwanza mama wa kijana alikuwa amefariki. Katika lile la pili kijana alikuwa amekua. Msomaji wa tafsiri ile asingeweza kujua lipi ni lipi.

Mbinu hizi mbili ni za kale karibu sawa na sinema yenyewe. Mfaransa Georges Méliès, aliyekuwa mwanamazingaombwe kabla ya kushika kamera, alizipokezanisha picha kwa namna hiyo ya pili katika filamu yake Cendrillon ya mwaka 1899. Kazi yenyewe ilifanyika ndani ya kamera. Mpiga picha aliiziba lenzi polepole mpaka giza likaingia. Kisha akaurudisha ukanda nyuma kidogo na kuifungua lenzi, polepole vilevile, mbele ya mandhari nyingine. Hivyo kipande kimoja cha ukanda kilibeba taswira mbili, moja ikidhoofika na nyingine ikipata nguvu. Akiishia kwenye giza tu, bila kuurudisha ukanda, alipata ile namna ya kwanza. Baadaye kazi hii ilihamia kwenye mitambo ya kuchapia filamu, na siku hizi hufanywa kwa kompyuta, lakini kinachoonekana kwenye pazia hakikubadilika.

Tunapendekeza namna ya kwanza iitwe mfifio, kutokana na kitenzi kufifia ambacho hakina utata. Kwa namna ya pili wako waliotaka mfifiano. Hatukuridhika nalo, kwa kuwa fifia ni kitenzi cha hali, na kiambishi cha kutendana hakikikai vizuri. Isitoshe, picha ya pili haififii hata kidogo, bali inakuja. Tumeona mpokezano lafaa zaidi: wachukuzi hupokezana mzigo, walinzi hupokezana zamu, na kwa muda mfupi wote wawili huwa wapo. Msimulizi wa hadithi anaijua hali hii tangu zamani. Akisema "siku nenda, siku rudi, mtoto akawa kijana", hajamwacha mtoto gizani; amemkabidhi kwa kijana katika pumzi moja.

Kuna mbinu ya tatu ambayo sasa imechakaa, nayo ni duara jeusi linalojifumba kutoka pembeni kama mboni ya jicho. Charles Chaplin aliitumia mwishoni mwa The Tramp, mwaka 1915, tunapomwona yule mzururaji akiondoka peke yake barabarani, mgongo umetuelekea. Mfumbo wa mboni latosha kuwa jina lake, na hatuna haja ya kukawia hapo.

Inafaa tukumbuke kwamba wakati fulani mbinu hizi zilinyimwa watazamaji wa kwetu kwa makusudi. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la filamu za elimu lililokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, filamu 35 zilitengenezwa. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni yake, kikaongozwa na William Sellers, aliyekuwa ametengeneza filamu za afya huko Nijeria. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata mikato ya haraka wala hila za kamera. Filamu zake, kwa hiyo, zilitakiwa ziende taratibu, picha moja ikae muda mrefu, na mambo yafuatane bila kuruka. Ilisimuliwa mara kwa mara hadithi ya wanakijiji walioonyeshwa mbu kwa karibu wakasema kwamba kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho. Kitengo hicho kilivunjwa mwaka 1955.

Tunaona kwamba hoja ile ilikuwa na kosa la msingi. Watazamaji wa Paris wa mwaka 1899 nao hawakuzaliwa wakijua maana ya mpokezano. Walijifunza kwa kutazama. Na watu waliolelewa kwa hadithi zinazovuka miaka kumi kwa sentensi moja hawakuwa na upungufu wowote wa kuelewa kwamba wakati umepita. Walichokosa ni kuonyeshwa. Nasi hatushangai kwamba msamiati wa Kiswahili wa mambo haya umekuja kwa kuchelewa, kwani lugha haitaji jina la kitu ambacho wasemaji wake hawaonyeshwi.

Ugumu unazidi tufikapo kwenye mwendo wa kamera. Katika Kiswahili anayeondoka ndiye anayeaga, na anayebaki humsindikiza. Wako wenzetu waliopendekeza kwamba kamera inayofuatana na mtu iitwe msindikizo, na neno hilo lilitupendeza sana mpaka tulipoitazama tena I vitelloni ya Federico Fellini, ya mwaka 1953. Inahusu vijana watano wa mji mdogo wa pwani ya Italia, wenye umri wa kufanya kazi lakini wasiofanya. Mwishoni mmoja wao, Moraldo, anapanda gari moshi alfajiri bila kumwambia yeyote. Mtoto anayefanya kazi stesheni anamwuliza aendako, hajui. Gari linaondoka, naye anatazama nje. Tulitarajia kuona nyumba za mji zikipita dirishani. Badala yake tunaona vyumba vya rafiki zake: kamera inapita kando ya kitanda cha mmoja, halafu cha mwingine, wote wamelala, kana kwamba gari moshi limekatiza ndani ya nyumba zao. Kisha tunarudishwa stesheni kwa yule mtoto, anayejaribu kutembea juu ya reli bila kuanguka.

Hapo kamera haimsindikizi mtu. Inaaga kwa niaba ya msafiri, na wanaoagwa hawajui. Lau kama tungekuwa tumeshaipa mbinu hiyo jina la msindikizo, mfasiri angelazimika kuandika kinyume cha anachokiona. Ndiyo maana tumeshikilia mwendo wa kamera, jina kavu linalotaja tendo tu. Kwa sababu hiyohiyo tunakataa mfifio wa buriani, ambalo tumeliona limeandikwa mahali fulani. Giza likiingia huenda ni kifo, huenda ni usiku tu.

Iko pia kuaga kusikotumia hila yoyote. Katika Aparajito ya Satyajit Ray, ya mwaka 1956, Apu amepata msaada wa masomo na kwenda Calcutta, na mama yake amebaki kijijini akiugua. Jioni moja ameketi chini ya mti. Gari moshi linapita mbali. Anadhani amesikia sauti ya mwanawe. Anainuka kutazama, na penye giza hakuna kitu ila vimulimuli. Mtu akiuliza istilahi ya tukio hilo, jibu letu ni kwamba halina. Mfasiri aeleze mama, mti na vimulimuli, basi.

Mgando ni jambo jingine. Mwaka 1959 François Truffaut alimaliza Les Quatre Cents Coups kwa namna iliyoigwa sana baadaye. Mvulana Antoine anatoroka katika mchezo wa mpira kwenye nyumba ya kurekebishia watoto, anakimbia kwa muda mrefu huku kamera ikienda naye sambamba, anafika baharini, maji yanagusa viatu vyake, anageuka. Anapotutazama, picha inasimama papo hapo na uso wake unasogezwa karibu. Utoto umekwisha, utu uzima haujaanza, na filamu haitaki kusema kitakachofuata. Baadhi ya wafasiri wameandika "picha mnato". Hilo tayari ni jina la picha ya kawaida ya kamera, ambayo haikupata kwenda. Hii ilikuwa ikienda ikasita. Neno mgando limechekwa kwa sababu ya maziwa, lakini maziwa nayo yalikuwa yakimiminika kwanza.

Jean-Pierre Léaud, aliyekuwa na miaka 14 alipoigiza Antoine, aliendelea kumwigiza mtu huyohuyo mpaka mwaka 1979. Richard Linklater alikwenda mbali zaidi katika Boyhood ya mwaka 2014: aliwapiga picha waigizaji walewale kidogo kidogo kuanzia 2002 hadi 2013. Humo hamna mfifio wala mpokezano unaotangaza kwamba mwaka umepita. Picha inakatwa, na mtoto anayeingia mlangoni ana sauti nzito kuliko aliyetoka. Mkato huo, kwa macho, hautofautiani na mkato mwingine wowote, nasi hatujaafikiana kama unastahili jina la peke yake.