Ramani ya Sikio na ya Mkono: Habari za Mafundisho ya Jiografia Nchini



Katika mkutano mkuu wa mwaka huu liliulizwa swali ambalo halikupata jibu la kuridhisha: je, yafaa fedha za chama zitumike kutengeneza ramani za kugusa kwa ajili ya watoto wachache wasioona, au zinunue madawati kwa ajili ya wengi? Kabla ya kutoa kauli yetu twaomba ruhusa turudi nyuma, maana jambo hili lina historia yake.

Watu wengi hudhani kwamba ramani huanza kwa jicho. Mwaka 1854 mmisionari Mjerumani, Jakob Erhardt, alikaa Tanga akiwahoji wafanya biashara wa misafara: mwendo ni wa siku ngapi, maji yapatikana wapi, na mwisho wa njia kuna nini. Waliozoea njia mbalimbali walimjibu jibu moja, kwamba mwisho wa njia ni maji makubwa. Yeye na mwenzake Rebmann wakachora yale waliyosikia, na ramani hiyo, iliyochapishwa mwaka 1856, ilionyesha bahari moja kubwa mno katikati ya bara. Kosa lilikuwamo, kwa kuwa maziwa matatu yalikuwa yameunganishwa kuwa moja. Lakini wasafiri wale hawakusema uongo. Kila mmoja alisimulia ncha yake. Habari hiyo ndiyo iliyowasukuma Burton na Speke kuingia bara mwaka 1857. Speke alipolifikia ziwa la kaskazini mwaka 1858 alilipa jina la malkia wake, ingawa Wajaluo walikuwa na jina lao, Nam Lolwe, na Waganda wakiliita Nalubaale.

Wale miongoni mwetu waliosoma kabla ya uhuru wakumbuka jinsi jiografia ilivyofundishwa. Shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali, na zetu mwisho wa foleni. Tulikariri mito ya Uingereza hali mto wa kwetu haukuwamo kitabuni. Tuliambiwa kwamba Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Oxford, alifika kileleni mwa Mlima Kenya mwaka 1899, jambo ambalo ni kweli; wapagazi waliombebea mizigo hawakutajwa. Hata hivyo haki itendeke: ni katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1946, Jeshi la Wokovu lilipoanzisha shule ya vipofu huko Thika, ya kwanza nchini.

Baada ya uhuru iliundwa tume ya elimu chini ya Profesa Simeon Ominde, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mwanajiografia. Taarifa yake ya mwaka 1964 ilitaka elimu iwaunganishe watoto wa taifa pasipo kujali rangi wala kabila wala dini. Mwezi wa Agosti 1968 wakuu wa elimu kutoka nchi kadhaa za Afrika walikutana Mombasa wakazungumzia kuifundisha jamii kama somo moja lenye kuanzia pale mtoto alipo. Kwetu jiografia, historia na uraia viliunganishwa katika shule za msingi kwa mfumo wa mwaka 1985. Nia ilikuwa njema, ila kwa maoni yetu mtihani uliila nia hiyo: mwalimu mwenye watoto wengi na ramani moja ukutani hufundisha kukariri, na aliye nyuma, au asiyeona, au asiyesikia, hubaki nje ya somo hali yumo ndani ya chumba.

Hayo twayasema kwa kuwa tumeyaona. Katika shule moja tuliyoitembelea, binti asiyeona alikuwa akiambiwa apumzike kila kipindi cha ramani. Hakulalamika, alidhani ndivyo kanuni ilivyo. Katiba ya mwaka 2010 yampa haki ya kusoma pamoja na wenziwe, lakini katiba haijui kukanda udongo.

Basi kamati ilitoa fedha kidogo, kabla ya kuombwa ruhusa na mkutano, na kwa hilo twaomba radhi. Watoto wa darasa zima walileta udongo wa mfinyanzi, kamba za katani kwa mito, kokoto kwa miji, na mchanga kwa nyika ya kaskazini. Mtoto aliyehamia kutoka Turkana ndiye aliyewaambia wenzake mchanga uishie wapi. Yule binti alipoupitisha mkono kutoka pwani kwenda magharibi, aliuliza kwa nini reli yapanda sana kabla ya kushuka Bonde la Ufa. Wenziwe waliokuwa wameitazama ramani ya ukutani mwaka mzima hawakuwa wameuliza hivyo.

Madawati bado yahitajika, nasi hatukatai. Kauli yetu ni kwamba ramani nyingine mbili zitengenezwe kwanza, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na walioachwa nje wamengoja zaidi. Ile ya kwanza ilipokauka ilipasuka upande wa Kisumu, na watoto wameiziba wao wenyewe.