'Suspected witch': Kirai kinachomfanya aliyeuawa kuwa mshukiwa

Kuna kirai cha Kiingereza kilichozoeleka mno katika taarifa kutoka Kisii na Nyamira: 'suspected witches'. Mnamo Mei 2008, zaidi ya watu 10, wengi wao wakongwe, walipochomwa moto huko Kisii, kirai hicho kilitumika. Oktoba 2021, wanawake 4 wakongwe walipouawa huko Marani, kikarejea. Hebu tukichunguze.

Neno 'suspect' ni la polisi na mahakama. Mshukiwa ni mtu anayedhaniwa kutenda kosa. Sasa ajuza ametolewa nyumbani kwake, akauawa, kisha katika sentensi eti yeye ndiye mshukiwa! Waliomuua ni 'mob' tu, na unyama wao huitwa 'mob justice'. Haki gani hiyo? Marehemu amebebeshwa shtaka, wauaji wakatunukiwa jina la haki.

Neno 'witch' nalo lina historia yake. Uingereza iliacha kuwashtaki watu kwa uchawi mnamo 1735. Sheria ya mwaka huo ilimwadhibu anayejidai kuwa na uwezo wa kichawi. Serikali ya kikoloni ilipotunga Sheria ya Uchawi nchini Kenya mnamo 1925, ilitumia neno 'witchcraft' bila kulifafanua. Ilhali Ekegusii kinapambanua: omorogi ni mchawi, omoragori ni mpiga ramli, omoriori ni yule anayeitwa kufichua na kuondoa vitu vya uchawi vilivyofichwa bomani. Katika Kiingereza cha kila siku, wawili hawa wa mwisho huitwa 'witch doctor', na wakati mwingine wote watatu huwa 'witches'. Hivyo anayenyoosha kidole na anayenyooshewa kidole hupewa jina moja.

Ajabu ni kwamba sheria hiyo ya 1925, katika kifungu cha 6, humtia hatiani anayemwita mwenzake mchawi, isipokuwa anapopeleka madai yake kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka. Adhabu yake ni hadi miaka 5 gerezani. Kisheria, basi, wa kuhojiwa kwanza ni aliyetamka neno.

Wapo watakaoniambia kwamba 'suspected' ni neno la tahadhari, kwamba mwanahabari amekataa kuthibitisha madai ya umati. Sikubaliani nao. Tahadhari hiyo huacha shaka kwa msomaji: huenda bibi huyo alikuwa mchawi kweli. 'Accused' ni afadhali, kwa kuwa humfanya msomaji aulize: na nani? Bora zaidi ni kumtaja mtendaji waziwazi: 'neighbours who called her a witch killed her'. Hapo kila mmoja yuko mahali pake, naye chifu anayeandika ripoti kwa Kiingereza hana pa kujificha.

Nasi wapenzi wa Kiswahili tusiwacheke wenzetu. Tumekitafsiri kirai hicho neno kwa neno, tukapata 'washukiwa wa uchawi', ilhali tuna kitenzi 'singizia' tangu jadi. Kusingizia hutaja uongo papo hapo, na hudai msingiziaji ajulikane. Waliouawa Marani ni wanawake waliosingiziwa uchawi. Washukiwa ni wale wanaodaiwa kuwaua.