Sanamu la Askari na Jina la Kariakoo

Leo sitawapeleka mbali. Tutembee pamoja kutoka Posta mpaka sokoni Kariakoo, mwendo ambao mtu asiye na haraka huumaliza kwa nusu saa.

Tuanze pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe. Katikati ya njia amesimama askari Mwafrika wa shaba, bunduki mikononi, ncha ya singe imeelekea bandarini. Sanamu hili lilitengenezwa Uingereza na James Alexander Stevenson, likazinduliwa mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Chini yake pana maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Maneno ya Kiingereza aliyatunga Rudyard Kipling.

Wenyeji wengi huliita sanamu la Bismini. Bismini ni nani? Zama za Wajerumani mji huu ulikuwa na sanamu jingine, la Hermann von Wissmann, yule aliyeletwa pwani mwaka 1889 kuwapiga watu wa Abushiri. Wissmann alikuwa juu, na chini miguuni pake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916 waliling'oa. Baadaye likapelekwa Hamburg, likasimamishwa chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaliangusha kwa kamba. Sasa litamkeni jina lake upesi upesi kwa kinywa cha Kiswahili: Wissmann, Bismini. Mjerumani ameondoka, jina limemwangukia askari. Mimi kila nikilisikia hucheka kidogo.

Lakini jambo nililotaka tulitazame ni hili. Maandishi yale yanawataja askari na wapagazi pia. Aliyesimama juu ni askari peke yake. Huko Nairobi, katika sanamu la vita ile ile, mpagazi amewekwa bega kwa bega na askari. Hapa kwetu hayupo. Basi tumtafute wapi?

Tupite Mnazi Mmoja, tuingie Kariakoo.

Kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamejenga banda kubwa mahali hapo. Waingereza walipoingia walipafanya kambi ya kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalisikia jina hilo, wakalitamka wawezavyo, likawa Kariakoo. Nairobi nako uko mtaa wenye jina hilo hilo, kwa sababu hiyo hiyo. Vita vilipokwisha banda likawa soko, na soko tunalolijua leo, lenye mapaa kama miavuli, lilichorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975.

Huenda mtu akauliza, kwa nini jeshi lilihitaji wapagazi wengi hivyo? Reli hazikufika kusini, barabara hazikuwapo, na ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o. Hapakuwa na budi ila kichwa na mabega ya mtu. Mpagazi alibeba mzigo wa ratili 50 hivi. Na yeye mwenyewe alikula, kwa hiyo chakula chake kilihitaji mpagazi mwingine, na huyo mwingine naye alihitaji kulishwa. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali, ndivyo watu walivyozidi kukamatwa vijijini. Katika mvua za mwaka 1917 bonde la Rufiji liligeuka ziwa. Wapagazi walilala majini, wakala unga usioiva, wakafa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Risasi iliwaua wachache tu.

Upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kuchukuliwa watu kama milioni moja, kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikaribia 100,000, na wanahistoria wengi husema hesabu hiyo ni ndogo. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na wake zetu na mashamba yetu yalibaki bila watu. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, kwa kuwa Waafrika wengi mno hawakuandikwa majina mahali popote.

Kwa hiyo kondakta wa daladala anapopaza sauti "Kariakoo! Kariakoo!" tangu alfajiri, analitaja jina la kikosi kile.

Kazi ya juma hili: ulizeni nyumbani, hasa ninyi mliotoka Rufiji, Kilwa, Morogoro na Songea, kama katika ukoo yuko aliyebebeshwa mizigo ya vita ile. Andikeni jina lake, kijiji chake, na kama alirudi. Mje nayo darasani Jumatano.