Eric Ravilious na Farasi Mweupe wa Kilimani

Behewa la daraja la tatu halina abiria. Kuna viti vya kitambaa, mkanda wa ngozi wa kushushia dirisha, namba 3 mlangoni, na nje ya kioo, mbali kwenye mteremko, farasi mweupe. Ni farasi wa Westbury, kusini mwa Uingereza. Watu wa zamani walichuna majani ya kilima kwa umbo la farasi mpaka chaki iliyo chini ya udongo ikajitokeza.

Eric Ravilious aliichora picha hiyo kwa rangi za maji vita vya 1939 vilipokuwa vichanga. Kazi ya kupata weupe kwa kuchuna aliijua mikononi mwake. Alizaliwa London mwaka 1903, akakulia Eastbourne, jirani na vilima vya chaki vya South Downs, kisha akasoma Royal College of Art, ambako Paul Nash alikuwa miongoni mwa walimu wake. Humo akawa mchonga vibao vya kuchapia. Kibao ni cha mti mgumu, kimekatwa kukingama shina na kusuguliwa hadi kikateleza. Ukikipaka wino bila kukichonga, karatasi hutoka nyeusi tii. Kila patasi inapopita, mwanga unaingia, na ukikosea hakuna kufuta. Ravilious alichonga michoro zaidi ya 400 kwa njia hiyo. Mashabiki wa kriketi wanaujua mmoja hata kama jina la mchongaji hawalijui: mabwana wawili wenye kofia ndefu, uliotokea kwenye jalada la kitabu cha mwaka cha Wisden mwaka 1938.

Kuanzia 1934 alikuwa akienda Furlongs, nyumba ndogo ya rafiki yake mchoraji Peggy Angus, chini ya vilima vilevile vya utotoni. Nikizitazama picha za huko naona mchongaji aliyeshika brashi. Rangi ni kavukavu, mistari imepishana kama mikato ya patasi, na mahali penye jua karatasi imeachwa wazi. Ndiyo maana mwanga wake ni wa baridi na safi, kama wa alfajiri.

Majira ya baridi ya 1939 alizunguka akichora maumbo ya chaki kwa ajili ya kitabu cha watoto. Hakikuchapishwa. Mwezi Desemba serikali ilimteua mchoraji wa vita, na Agosti 1942 akapelekwa Iceland. Tarehe 2 Septemba alipanda ndege iliyokwenda kuitafuta nyingine iliyopotea baharini. Haikurudi. Alikuwa na miaka 39, na alimwacha mkewe Tirzah Garwood, mchongaji hodari naye, na watoto watatu.

Wakati huo farasi mwingine wa chaki, wa Uffington, mwenye umri wa miaka 3,000 hivi, alikuwa amefunikwa kwa majani na matawi ili marubani wa Ujerumani wasimtumie kujua njia. Vita vilipokwisha, watu walipanda kilimani wakamfunua.