Herufi Nne za LILO: Uchunguzi wa Kerneli Isiyowaka katika Historia ya Awali ya Linux

Historia ya Linux huandikwa kwa kawaida kwa kufuata matoleo yake, kuanzia tangazo la Linus Torvalds mjini Helsinki mwezi Agosti 1991 hadi toleo la 1.0 la Machi 1994. Sehemu hii inaitazama historia hiyo kupitia hitilafu: mtumiaji amejijengea kerneli yake, amewasha kompyuta, nayo imekataa kuanza kazi. Hoja inayotetewa ni kwamba kerneli isiyowaka haikuwa lazima kerneli mbovu. Swali la kwanza lilikuwa ni katika hatua ipi uwashaji ulikwama.

Ugumu wa kulijibu swali hilo ulitokana na ufinyu wa nafasi. Katika kompyuta za jamii ya IBM PC, BIOS husoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu, kisha huiachia udhibiti. Werner Almesberger, aliyeunda kipakizi cha LILO mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakuwa na nafasi ya maelezo marefu humo. Jina la programu likafanywa kipimo: kila hatua ilipofikiwa, herufi moja ilitokea kwenye skrini. L pekee ilimaanisha kwamba sehemu ya kwanza imeanza lakini imeshindwa kuipakia ya pili. LI ilionyesha kuwa sehemu ya pili imepakiwa lakini haikutekelezwa. LIL ilionyesha kuwa sehemu hiyo imeanza, ila imeshindwa kusoma jedwali lililomo katika faili la ramani.

Faili hilo la ramani ndilo kiini cha tatizo. LILO haikuelewa mpangilio wa mafaili. Ilitunza orodha ya mahali vipande vya kerneli vilipo kwenye diski. Aliyenakili kerneli mpya bila kuendesha tena amri ya lilo aliiacha orodha ya zamani. Kerneli ilikuwa nzima, lakini ilitafutwa mahali isipokuwapo. Aidha, BIOS za zamani hazikuweza kusoma kupita silinda ya 1024, hivyo kerneli iliyohifadhiwa mbele ya mpaka huo haikufikiwa.

Hali ilikuwa tofauti pale kerneli ilipoanza kisha ikasimama kwa kushindwa kupachika mfumo mkuu wa mafaili. Hapo kosa liliweza kuwa la mjenzi: kiendeshi cha diski kimewekwa kama moduli ndani ya diski ileile ambayo haisomeki bila kiendeshi hicho.

Mwaka 1995 Erich Boleyn alianza kuunda GRUB, kipakizi kinachosoma mifumo ya mafaili chenyewe, na haja ya orodha ile ikaondoka. Hivyo basi, herufi za LILO ni ushahidi wa kihistoria: zinaonyesha kwamba mbinu ya uchunguzi ilichongwa na baiti zilizokuwapo. Zinaeleza pia sababu ya desturi ya wajenzi kuibakiza kerneli ya zamani kando ya mpya, kwa kuwa aliyeifuta alihatarisha njia yake ya kurudi ndani ya kompyuta.